Kushona Mlima: Jinsi ya Kupiga Picha Pana Kutoka Jiwe la Gangilonga Hadi Uwanda wa Kitulo

Panorama yangu ya kwanza, yaani picha pana inayoshonwa kwa programu ya kompyuta kutoka fremu nyingi, niliipiga juu ya jiwe la Gangilonga, na jiwe lenyewe likatoka limevunjika. Mji wa Iringa kule chini ulikaa vizuri, vilima vya nyuma vikakaa vizuri, ila ukingo wa jiwe nililosimama juu yake ulikatika mara tatu kama mkate uliokatwa kwa kisu butu. Rafiki yangu aliyekuwa ameketi pembeni akatokea na magoti matatu. Nikadhani kamera ni mbovu. Baadaye nikadhani programu ni mbovu. Kumbe kosa lilikuwa langu: nilikuwa nageuka mwili mzima, mikono nimeinyoosha mbele, na kila nilipogeuka kamera ilihama hatua nzima kutoka pale ilipokuwa.

Kama utakumbuka jambo moja tu katika maelezo yote haya, liwe hili: kamera izunguke juu ya jicho lake yenyewe, isizunguke juu ya mwili wako. Mengine yote ni matunzo ya hilo.

Nitatumia sehemu mbili kufundishia. Ya kwanza ni Gangilonga, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini. Ya pili ni Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kule juu Makete. Nimezichagua kwa sababu zinasumbua kwa namna tofauti. Jiwe limetulia lakini liko karibu mno na lenzi. Maua ya Kitulo yametapakaa hadi mwisho wa macho, lakini hayatulii.

Hatua ya 1: Kusanya vifaa

Huhitaji mzigo mkubwa. Kamera yoyote inayokuruhusu kupanga mwangaza mwenyewe, pamoja na ile lenzi ya milimita 18–55 inayouzwa nayo, inatosha kabisa. Ongeza tripodi isiyotikisika, pimamaji kidogo kama tripodi yako haikujengewa, uzi wa fundi ujenzi wa mita 2, na nati moja nzito. Mwenye simu naye asiondoke, zamu yake ipo.

Filta ya polaroidi iache nyumbani. Kwenye picha moja inapendezesha anga. Kwenye panorama inaacha doa jeusi la bluu upande mmoja, kwa sababu inakoleza zaidi sehemu ya anga iliyo pembe mraba na jua. Ukishaliona doa hilo kwenye picha iliyokamilika, hakuna sabuni ya kulitoa.

Hatua ya 2: Tafuta jicho la kamera

Hapa usiwe na haraka, hata kama itakula jioni nzima nyuma ya nyumba.

Funga jicho moja, nyoosha kidole mbele ya uso, kisha pelekapeleka kichwa kushoto na kulia. Kidole kinahama mbele ya ukuta. Sasa tuliza kichwa, geuza mboni tu. Kidole hakihami, au kinahama kidogo sana. Ndivyo ilivyo kwa kamera. Kuna nukta ndani ya lenzi ambayo kamera ikizungukia hapo, vitu vya karibu na vya mbali havipishani. Ikizungukia mahali pengine, kitu cha karibu kinahama mbele ya kitu cha mbali kati ya fremu na fremu, na programu haina namna ya kukubaliana na picha mbili zinazobishana.

Kuitafuta ni rahisi. Simika fito moja mita 1 mbele ya kamera, uipange sawasawa na nguzo ya umeme au mti ulio mbali. Weka kamera juu ya tripodi. Izungushe mpaka fito iwe ukingoni kushoto mwa fremu, kisha izungushe mpaka iwe ukingoni kulia. Kama fito na nguzo vimeachana, sogeza kamera mbele au nyuma juu ya tripodi, urudie. Zikiendelea kupatana pande zote mbili, umefika. Kwenye lenzi nyingi za 18–55 zikiwa kwenye 18, nukta hiyo huangukia sehemu ya mbele ya lenzi, si kwenye mwili wa kamera. Ndiyo maana tripodi ya kawaida peke yake haitoshi: skrubu yake inashika mwili wa kamera, kwa hiyo jicho linabaki likizunguka nje ya mhimili.

Kuna vichwa maalumu vya panorama vinavyouzwa kwa kazi hii, na bei zake si za mchezo. Mimi nilikwenda kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu na kipande cha pembe alichokuwa anataka kukitupa. Alikitoboa matundu mawili, nikatia bolti ya robo inchi, ambao ndio ukubwa wa skrubu ya tripodi nyingi, na kamera ikarudi nyuma hadi jicho likakaa juu ya mhimili. Hakipendezi machoni. Kinafanya kazi.

Asiyetaka hata hilo atumie timazi. Funga uzi kwenye lenzi pale pale ulipopata nukta, uning'inize nati hadi karibu na ardhi, na uweke kizibo cha soda chini yake kama alama. Kila unapogeuka, wewe ndiye unayeizunguka kamera, na nati lazima ibaki juu ya kizibo. Fundi ujenzi atakuelewa mara moja. Wengine hawatakuelewa: siku moja nikiwa njia ya Matamba nimeinama na uzi wangu, mzee mmoja alisimama akanitazama kwa muda. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, kisha akauliza kwa wasiwasi kabisa, "Mwanangu, mnapima shamba la nani?"

Kwa simu, kanuni ni hiyo hiyo. Shika simu karibu na kifua, viwiko vimebana mbavu, halafu tembea hatua ndogondogo kuizunguka simu, badala ya kuizungusha kama unamwaga maji ya ndoo. Kabla ya kuanza, gusa skrini na ushikilie mpaka mwangaza na fokasi vijifunge, kama simu yako inaruhusu.

Hatua ya 3: Nyoosha mhimili

Watu wengi wananyoosha kichwa cha kamera na kuiacha miguu ya tripodi ikiwa imeinama. Matokeo yake upeo wa macho unapanda na kushuka kama nyoka anayeogelea. Kinachotakiwa kuwa wima ni mhimili wa kuzungukia, yaani nguzo ya katikati ya tripodi. Rekebisha urefu wa miguu mpaka pimamaji litulie, kisha zungusha kichwa duara zima ukilitazama. Likibaki katikati pande zote nne, endelea.

Hatua ya 4: Funga kila kitu

Kamera ikiachiwa uhuru itabadilisha mwangaza kila fremu, na picha yako itatoka na mistari ya giza na nuru kama pundamilia. Weka kila kitu kwa mkono: ISO (usikivu wa kamera kwa nuru) 100, tundu la lenzi f/8, halafu geuka polepole ukitafuta upande unaong'aa zaidi, ukiliacha jua lenyewe. Pima kasi hapo, yaani muda ambao kamera inaachia nuru iingie. Mchana wa jua la kawaida utaangukia karibu na 1/400 ya sekunde. Ukiisha, usiiguse tena mpaka fremu ya mwisho. Rangi iweke kwenye alama ya jua, si otomatiki. Fokasi iwe ya mkono. Piga faili za RAW, zile ghafi ambazo kamera haijazichakata, kama kadi ina nafasi, maana vivuli vya bonde na weupe wa mawingu havikai pamoja kirahisi.

Hatua ya 5: Hesabu fremu kama fundi cherehani

Simamisha kamera wima, si kulala. Utapiga fremu nyingi zaidi, lakini utapata anga na ardhi ya kutosha kukata baadaye.

Fundi cherehani hakati kitambaa sawasawa na mwili. Anaacha akiba ya mshono. Hapa akiba ni thuluthi moja ya kila fremu ipandane na inayofuata. Kamera yenye sensa ndogo (APS-C) na lenzi kwenye 18, ikiwa wima, hubeba nyuzi 47 hivi za pembe kwa upana. Ukitoa thuluthi, kila hatua ni kama nyuzi 31: fremu 6 kwa nusu duara, 12 kwa duara zima. Kwa kamera yenye sensa kubwa (full frame) na lenzi ya 50, fremu moja ni nyuzi 27 tu, na duara zima litakudai 20.

Kabla ya fremu ya kwanza na baada ya ya mwisho, piga picha ya kiganja chako. Utakaporudi nyumbani na picha 200 zinazofanana, kiganja ndicho kitakachokuonyesha mfululizo gani ulianzia wapi.

Hatua ya 6: Mazoezi juu ya Gangilonga

Gangilonga kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Inasimuliwa kuwa Mtwa Mkwawa alikuwa akipanda hapa kutafakari, na kwamba ni hapa alipopata habari kuwa Wajerumani wanamjia. Ngome yake ya Kalenga, upande wa magharibi wa mji, ilitekwa tarehe 30 Oktoba 1894. Yeye mwenyewe aliendelea kupigana hadi alipofariki mwezi Julai 1898.

Nayasema haya kwa sababu ya upigaji picha wenyewe. Picha pana isiyo na katikati ni mkanda mrefu tu wa vilima. Kabla ya kufunga tripodi, amua jicho la mtazamaji litue wapi. Mimi hapa huweka mji katikati, ukingo wa jiwe ukiwa mbele kama kibaraza, na upande wa Kalenga ukibaki ndani ya fremu hata kama ngome yenyewe huioni. Anayeijua historia ataelekeza kidole. Asiyeijua utamwandikia chini ya picha.

Nenda asubuhi. Jiwe liko upande wa kaskazini-mashariki ya mji, kwa hiyo jua la asubuhi linakuwa mgongoni mwako na mabati ya Iringa yanawaka. Jioni ni pazuri kwa macho na kwa wapendanao, lakini kamera inatazamana na jua na mji unageuka kivuli. Nenda na mwenzako, kwa usalama na pia akushikie mfuko.

Hapa ndipo utakapojua kama hatua ya 2 uliifanya kwa moyo. Jiwe liko nusu mita kutoka kwenye lenzi, na kosa la sentimita chache tu linaonekana kwenye kila ufa. Kama hujapata jicho la kamera vizuri, simama wima kabisa, inua tripodi juu, na usiingize jiwe la miguuni kwenye fremu. Mji ulio mbali utasamehe, jiwe halisamehi. Nilivyoona, anayeweza kushona Gangilonga bila ufa anaweza kushona mahali popote.

Watu wakipita, usihangaike. Ngoja, au piga fremu hiyo mara mbili wakiwa wamehamia upande mwingine. Wasikatwe katikati ya mshono, basi.

Hatua ya 7: Kupanda Kitulo

Kutoka Iringa unafuata barabara kuu ya Mafinga, Makambako, Igawa, hadi Chimala. Hapo unaacha lami na kuanza kupanda kwenda Matamba kwa ile barabara wanayoiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Anayetokea Mbeya anakuja Chimala kwa upande wa pili. Msimu wa mvua usidanganyike na gari dogo. Tafuta gari linalovuta kwa magurudumu yote manne na dereva anayeijua njia. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa kontroo namba, kwa hiyo pesa taslimu mfukoni ni ya viazi na chai. Kama una mpango wa kurusha droni au kupiga picha za biashara, hilo lina kibali chake. Ulizia kabla hujafunga safari, si getini.

Kona za juu zenyewe ni kituo cha kwanza cha picha. Bonde la Usangu linafunguka chini yako upande wa kaskazini. Mwezi Desemba na Januari jua la adhuhuri huku kwetu hupita kusini kidogo ya utosi, kwa hiyo ukitazama Usangu linakuwa mgongoni. Juni na Julai linahamia kaskazini na kukuangalia usoni, hivyo piga mapema au jioni. Egesha gari mahali penye nafasi, usiegeshe kwenye kona. Malori ya viazi hayana mchezo.

Uwanda wenyewe uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na mlima Mtorwi unafika 2,961. Hifadhi ina kilomita za mraba 412.9, ilitangazwa mwaka 2005, na ni ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Zaidi ya aina 350 za mimea inayochanua zimeorodheshwa, zikiwemo okidi za ardhini 45. Maua huanza na mvua za mwisho wa Novemba na kuendelea hadi Aprili. Ukienda Julai utakuta nyasi kavu, baridi ya kung'oa meno na anga safi kabisa: ni panorama nzuri pia, lakini ni nyingine.

Lala karibu. Msimu wa maua jua linachomoza karibu saa 12:30 asubuhi, na saa mbili za kwanza ndizo za dhahabu, kabla mawingu hayajapanda na kukaa juu ya uwanda kama blanketi. Betri ya akiba iwe mfuko wa ndani wa koti. Baridi inaimaliza nguvu. Kwa manyunyu, kofia ya plastiki ya kuogea inafunika kamera vizuri kuliko rambo, na rambo zenyewe zilipigwa marufuku tangu Juni 2019.

Sasa kazi yenyewe. Chagua kundi la maua litakalokuwa mbele, kisha shusha tripodi hadi usawa wa kiuno. Kwa lenzi ya 18, weka tundu la f/11 na fokasi mita 1 na nusu: kuanzia kama sentimita 75 hadi upeo wa macho, vyote vitakuwa wazi. Upepo utakuwepo. Pandisha ISO hadi 400 ili kasi isishuke chini ya 1/250, na panga fremu zako ili kila ua kubwa la mbele likae zima ndani ya fremu moja angalau. Ua likiwa zima mahali pamoja, wakati wa kushona utaichagua fremu hiyo. Likikatwa na fremu mbili huku linapepea, utapata ua lenye vichwa viwili.

Mawingu nayo yana tabia yake. Kama yanakwenda kulia na wewe unapiga kuelekea kulia, wingu lile lile linaweza kukufuata na kutokea mara mbili. Piga mzunguko wote ndani ya dakika moja. Ukichelewa, rudia mwanzo. Usiunganishe nusu ya sasa na nusu ya baadaye.

Ukitaka duara kamili la kutazama juu na chini, ongeza mistari miwili: mmoja ukiinua kamera nyuzi 45, mwingine ukiishusha nyuzi 45, halafu fremu moja ya utosini na moja ya ardhi pale tripodi iliposimama. Hii ya ardhi hupigwa kwa mkono baada ya kuondoa tripodi, na kivuli chako mwenyewe usikisahau.

Na tafadhali, baki kwenye njia. Okidi hizi zina viazi chini ya ardhi, vile vinavyotengenezwa chikanda, chakula kinachopendwa Zambia, na biashara ya kuvichimba kuvipeleka huko ndiyo iliyosukuma sehemu kubwa ya juhudi za kulinda uwanda huu. Sioni maana ya kuzilinda dhidi ya jembe halafu zikaishia chini ya buti la mpiga picha.

Hatua ya 8: Kushona

Programu ya Hugin ni ya bure na inatosha. Ingiza fremu za mfululizo mmoja tu, uiache itafute nukta zinazofanana. Kisha zipitie mwenyewe. Programu ina mazoea mabaya ya kushika mawingu na maua kama alama, ilhali vyote viwili vimehama. Futa nukta hizo, uache zilizo kwenye mawe, vilima na mapaa. Hapa picha nyingi huokoka.

Kisha chagua namna ya kutandaza. Kwa upana wa chini ya nyuzi 100 hivi, njia ya bapa (rectilinear) inanyoosha mistari ya majengo. Kwa nusu duara na kuendelea, tumia silinda, la sivyo kingo zitavutika kama ubao wa chapati. Duara kamili la juu na chini linatoka kama picha ambayo upana wake ni mara mbili ya kimo. Upeo wa macho ukipinda, weka alama za wima kwenye nguzo au kona za nyumba na programu itaunyoosha. Ua lenye vichwa viwili, mtu mwenye magoti matatu: funika kwa maski kile usichokitaka kwenye fremu moja, uache kingine kishike nafasi.

Fremu 12 za kamera ya megapikseli 24 zinakupa duara lenye upana wa zaidi ya pikseli 28,000. Kwa uchapaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi, hiyo ni karibu mita 2 na nusu ukutani. Usiitume kwa mchapaji kama picha ya WhatsApp, itabanwa hadi ibaki kivuli. Itume kama dokumenti, au mpelekee kwa flashi. Na simama pale pale anapoifungua kwenye kompyuta. Wachapaji wa mabango wamezoea kuvuta picha ijae fleksi, na wangu alinyoosha Mtorwi hadi ukafanana na mnara wa simu. Mwambie aache ukingo mweupe juu na chini, avute kwa uwiano au asivute kabisa.